Mzani wa Mkulima: Kazi ya Paul Bomani katika Ushirika wa Pamba wa Kanda ya Ziwa

(Mada iliyosomwa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi kabla ya kufunguliwa msimu wa ununuzi)



Msimu wa pamba unapokaribia, katibu wa chama cha msingi hukabidhiwa orodha ndefu ya mambo ya kutengeneza: ghala lifagiliwe, paa lizibwe, vitabu vya stakabadhi vihesabiwe, magunia yapokelewe, na mzani ukaguliwe. Katika orodha hiyo mzani huandikwa katikati ya vitu vingine, baina ya ufagio na kufuli, kana kwamba ni chombo cha kawaida. Lakini katika nchi hii ya pamba, chama cha ushirika kilizaliwa na mzani. Wakulima wa Usukuma waliungana kwanza ili wapimiwe kwa haki. Mambo mengine yote, yaani vyama vikuu, viwanda, mikopo na hata siasa, yalifuata nyuma ya hilo. Mtu ambaye jina lake limefungamana na habari hiyo kuliko mwingine yeyote ni Marehemu Paul Bomani, na mada hii inahusu kazi yake: jinsi ilivyoanza, jinsi ilivyokua, na jinsi ilivyomgeukia.

Hapana budi kuanza na hali ilivyokuwa mwaka 1950. Wakati huo Mwanza ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Ziwa, chini ya Serikali ya Kiingereza ya Tanganyika, na pamba ilikuwa imekwisha kulimwa Usukuma kwa miaka mingi. Bei ilitangazwa kabla ya msimu, na mnunuzi hakuruhusiwa kuishusha. Wanunuzi walikuwa wenye viwanda vya kuchambua pamba pamoja na mawakala wao, wengi wao wafanyabiashara wa asili ya Kiasia, nao walinunua kwa leseni. Kwa mtazamo wa haraka, mkulima alikuwa amelindwa. Lakini bei ikishafungwa, mwenye kutaka faida zaidi hutafuta mlango mwingine, na mlango uliokuwa wazi ulikuwa uzito.

Na tuchukue mfano. Mkulima ameleta gunia lenye ratili 100, na mnunuzi akasoma 94. Ikiwa bei ni senti 50 kwa ratili, shilingi 3 zimepotea katika gunia hilo moja. Na mwenye magunia kumi amepoteza shilingi 30, naye hajui. Bei aliyolipwa ni ile ile iliyotangazwa bomani, wala hakuna sheria ya bei iliyovunjwa. Aidha, baada ya uzito kulikuwa na hesabu. Mtu asiyejua kuzidisha ratili kwa senti alipokea alichopewa, akakunja noti zake akaenda zake. Na baada ya hesabu kulikuwa na daraja: pamba safi ilikuwa na bei yake na pamba fifi ilikuwa na bei yake, na aliyeamua hii ni safi na ile ni fifi alikuwa huyo huyo mwenye mzani. Mahali patatu pa kupoteza, na katika pote patatu mkulima alikuwa akisimama upande usioonyesha namba.

Haitakuwa haki kusema kwamba kila mnunuzi alikuwa mwizi, wala kuufanya udanganyifu wa mzani kuwa tabia ya watu wa asili fulani. Miaka iliyofuata iliwaonyesha wakulima kwamba mkono unaoshika mzani waweza kuwa wa ndugu yako kabisa.

Paul Bomani alizaliwa mwaka 1925 katika eneo la Musoma, mwana wa mhubiri Msukuma wa Kanisa la Waadventista Wasabato. Alisoma shule za misheni, kisha akafanya kazi ya hesabu katika mgodi wa almasi wa Mwadui. Jambo hilo lastahili kuzingatiwa na makatibu. Mtu aliyekuja kuwaongoza wakulima wa pamba hakuwa mkulima mkubwa, wala mtemi, wala mwana wa mtemi. Alikuwa karani wa hesabu. Alijua kwamba tarakimu ikiandikwa ina mwenyewe, na kwamba penye tarakimu isiyo na mwenyewe ndipo fedha hupotelea.

Kutoka Mwadui alikwenda Mwanza mjini, na katika miaka ya mwisho ya 1940 akawa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa mji huo. Chama hicho kilikuwa cha wenye maduka madogo, watu ambao baada ya Vita Kuu ya Pili waliona taabu kupata bidhaa kwa bei ya jumla. Kilikuwa kidogo, na pengine kingesahauliwa, isipokuwa kwamba kilimpa katibu wake nafasi ya kuwasikiliza watu waliotoka vijijini. Walikuwa wakilalamika juu ya mizani. Mwaka 1950 Bomani alifunga safari kuzunguka nchi ya pamba na kuzungumza na wakulima mahali walipo.

Wazo lililotokana na mikutano hiyo lilikuwa jepesi mno, na wepesi wake ndio uliolipa nguvu. Wakulima hawakuanza kwa kudai kiwanda. Hawakudai leseni ya kununua, wala hawakugoma. Walichagua wapimaji wao wenyewe na kuwawekea mizani, ili pamba ipimwe kwanza kabla haijapelekwa kwa mnunuzi. Ni hivyo tu. Mkulima alipofika mbele ya mzani wa mnunuzi alikuwa tayari anajua uzito wa mzigo wake. Mnunuzi akisoma 94, mkulima aliweza kusema: huu ni 100, nao umepimwa.

Na tutafakari kidogo kilichobadilika. Pamba ilikuwa ile ile, na bei ile ile, na mnunuzi yule yule. Kilichoongezeka ni kwamba sasa kulikuwa na namba mbili badala ya moja, na namba ya pili ilikuwa ya mkulima. Ilibidi mnunuzi ama akubali ama aeleze. Zaidi ya hayo, mpimaji yule hakuletwa na mtu kutoka mjini; aliteuliwa na wakulima wa mahali hapo, wakamjua baba yake na nyumba yake, na akipima vibaya wangemwuliza jioni hiyo hiyo. Kazi hiyo ilihitaji fedha, nazo zilichangwa na wakulima wenyewe. Kwa hiyo, kabla hakijaandikishwa chama hata kimoja, tayari palikuwapo mchango, uchaguzi, mtumishi anayewajibika, na mkutano wa kumwuliza maswali. Mrajis anapotaka kujua kama kikundi fulani kinafaa kuandikishwa huuliza mambo hayo hayo manne.

Vikundi vya wapimaji vilienea, na kufikia mwaka 1952 palikuwapo chama cha wakulima cha Jimbo zima la Ziwa chenye kuviunganisha. Serikali ilisita mwanzoni. Ilikuwa na mashaka kwamba wakulima wasiosoma wataweza kuendesha biashara kubwa, tena ilikuwa na mashaka ya aina nyingine, kwa sababu Bomani huyo huyo alikuwa miongoni mwa viongozi wa TAA, chama cha Waafrika kilichokuja kuzaa TANU. Lakini sheria ya vyama vya ushirika ilikuwapo tangu mwaka 1932. Wachagga wa Kilimanjaro walikuwa na chama kikuu chao cha kahawa tangu 1933. Na Bukoba nayo ilikuwa imepata chama kikuu mwaka 1950. Lililokubaliwa kwa wakulima wa kahawa lisingeweza kukataliwa daima kwa wakulima wa pamba. Kuanzia mwaka 1953 vyama vya msingi vya pamba vilianza kuandikishwa, na sasa badala ya kumpimia mkulima ili akauze kwingine, chama kilinunua chenyewe.

Bomani mwenyewe alikwenda Uingereza katika mwaka 1953 na 1954 kusomea ushirika katika chuo cha Loughborough. Aliporudi alikuta mambo mawili yamekwenda njia mbili tofauti, na hapa ndipo kazi yake ya siasa na kazi yake ya uchumi zinapokutana kwa namna isiyo ya kawaida. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Katika Jimbo la Ziwa haikudumu. Tangu mwishoni mwa mwaka huo hadi 1958 matawi yake yalikatazwa. Saadani Kandoro, aliyekuwa katibu wa TAA huko na ambaye wengi wanamjua kwa mashairi yake, alifukuzwa Jimboni. Mtu wa Usukuma aliyetaka kukutana na wenzake ili kuamua jambo lao hakuwa na mahali halali pa kukutania kwa habari ya siasa.

Lakini banda la chama cha ushirika lilikuwa halali. Ndani yake watu walichagua mwenyekiti na kumwondoa. Walimchagua mjumbe wa kwenda chama kikuu, na aliporudi wakamtaka aeleze alichosema na alichosikia. Walijifunza kwamba kura ya mwenye gunia moja ni sawa na kura ya mwenye magunia ishirini. Wakati siasa ilipopigwa marufuku, mazoezi ya kujitawala yaliendelea kwenye banda la pamba, mbele ya mzani, na Serikali yenyewe ilikagua vitabu na kuridhika. Wapo wanaosema kwamba Bomani aliutumia ushirika kama vazi la kuificha siasa. Kauli hiyo haitoshi. Kama ushirika ungekuwa vazi tu, ungechanika katika msimu wa kwanza wa hasara, maana mkulima hafuati vazi, hufuata malipo yake. Bomani alitumia miaka hiyo kujenga biashara, akauendesha ushirika kama kazi ya kila siku, huku akiwa pia mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Walikuwapo wenzake katika harakati waliomwona ni mpole kupita kiasi kwa Serikali, na huenda walikuwa na sababu. Lakini vitabu vilifungwa kila msimu.

Mwaka 1955 vyama vikuu viliungana katika shirikisho moja, Shirikisho la Vyama Vikuu vya Ushirika vya Victoria, ambalo wazee hulitaja kwa herufi zake, VFCU. Bomani akawa meneja wake mkuu. Mwaka 1956 shirikisho lilipata kiwanda chake cha kwanza cha kuchambua pamba, huko Kasamwa katika Geita. Tukio hilo lilimaanisha mengi kwa mkulima ambaye miaka sita tu iliyopita alikuwa akibishania ratili sita. Mwenye kiwanda ndiye anayepata nyuzi na mbegu. Na faida ya kuchambua, ambayo siku zote ilikuwa ikienda kwa mwingine, sasa ilirudi katika mfuko ambao mkulima ana hisa. Viwanda vingine vilifuata. Miaka kumi haikutimia tangu ile safari ya 1950, na pamba ya Kanda ya Ziwa ilikuwa inapitia mikononi mwa vyama vya wakulima. VFCU ilihesabiwa kuwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya ushirika katika Afrika yaliyoendeshwa na Waafrika wenyewe, na wageni walikuja Mwanza kuona.

Ni rahisi kusimama hapo, na hotuba nyingi juu ya Bomani husimama hapo. Lakini makatibu watakosa nusu iliyo na manufaa zaidi.

Mwaka 1960 Bomani aliingia katika serikali ya Mwalimu Nyerere kama Waziri wa Kilimo, na mwaka 1962 akawa Waziri wa Fedha, Mwafrika wa kwanza kushika wizara hiyo katika nchi yetu. Makao yake sasa yalikuwa Dar es Salaam. Ushirika nao uliacha kuwa jambo la Usukuma, Kilimanjaro na Bukoba, ukawa mpango wa taifa zima. Serikali huru ilitaka, na kwa haki, kuutoa uchumi wa vijijini katika mikono ya wachache. Vyama ambavyo vilikuwa zaidi kidogo ya 800 mwaka 1961 vilipita 1,500 kufikia mwaka 1966. Sehemu nyingine vyama viliandikishwa mahali ambapo wakulima hawakuwa wameviomba, kwa kuwa ilitakiwa pawe na chama. Mtumishi wa chama akapatikana kwa haraka, na mara nyingi hakuwa amefundishwa. Chuo cha Ushirika cha Moshi kilianza mwaka 1963, lakini hakuna chuo kinachoweza kutoa makarani mia saba kwa wakati mmoja.

Katika nchi ya pamba yenyewe vyama havikuwa vipya, bali wanunuzi wengine waliondoka. Chama kikawa mnunuzi pekee. Na tukumbuke jinsi mpimaji wa mwaka 1950 alivyofanya kazi: alikuwa mzani wa pili. Sasa mzani wa pili haukuwapo. Ule uliokuwa mzani wa mkulima ndio uliokuwa mzani wa mnunuzi, na karani aliyeushika alikuwa na mamlaka yote matatu ya zamani, yaani uzito, hesabu na daraja. Chini ya bei palikuwa na makato: ya chama cha msingi, ya chama kikuu, ya shirikisho, na ushuru wa halmashauri. Kila kato lilikuwa na sababu yake katika vitabu. Mkulima hakuwa na vitabu hivyo mbele yake. Aliona tu kwamba bei iliyotangazwa na fedha aliyopewa havilingani, na hakuna aliyesimama kumweleza.

Mwezi Septemba mwaka 1965 nchi ilifanya uchaguzi mkuu wa kwanza chini ya chama kimoja, ambamo karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili wa TANU. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mwanzilishi wa ushirika wa pamba, alishindwa katika jimbo lake.

Sababu za kushindwa kwa mtu katika uchaguzi huwa zaidi ya moja, na haitakuwa busara kuzitia zote katika gunia moja. Waziri anayekaa mbali huonekana mgeni. Kodi haimpendezi mtu yeyote, na yeye ndiye aliyeisomea Bungeni. Lakini manung'uniko ya wakulima juu ya vyama vyao yalikuwapo, tena yalikuwa makali, na watu waliopiga kura ile walikuwa wana na ndugu wa wale waliomchagulia wapimaji mwaka 1950. Rais alimteua arudi Bungeni, akampa wizara ya mambo ya uchumi na mipango ya maendeleo, kwa kuwa uwezo wake haukutiliwa shaka. Kura, hata hivyo, ilikuwa imekwisha kusema.

Mwaka uliofuata, 1966, kamati maalumu ya Rais ilizunguka nchi nzima kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Taarifa yake inastahili kusomwa na kila katibu hata leo, kwa sababu haikuwa na chuki. Ilisema wazi kwamba ushirika umefanya mema makubwa, tena kwa muda mfupi. Kisha ilitaja kasoro zake: wanachama wasioelimishwa juu ya chama chao, upungufu wa watumishi wafaao, demokrasia iliyofifia hasa katika ngazi ya vyama vikuu, uhaba wa wenye ujuzi katika harakati nzima, na kuingiliwa na wanasiasa. Kasoro ya kwanza katika orodha ni ya wanachama kutojua. Kamati haikuanza na wizi, ingawa wizi iliusikia katika mikutano. Ilianza na mwanachama asiyejua, maana wizi hukaa ndani ya kutojua kama funza ndani ya tumba la pamba.

Baada ya taarifa hiyo Serikali iliviweka vyama vikuu kadhaa chini ya uangalizi wake, VFCU ikiwa mmoja wa hao, na kufikia mwaka 1968 shirikisho hilo lilikuwa limevunjwa na mahali pake pakasimama chama kikuu cha Nyanza. Mengine yanajulikana na wengi waliomo humu. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vyote nchini vilifutwa, na mazao yakanunuliwa na mamlaka za Serikali moja kwa moja vijijini. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, na mwaka 1984 vikaanza tena kazi. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kurudi katika pamba. Na katika miaka ya karibuni Serikali imeelekeza tena kwamba pamba ipitie katika vyama vya msingi. Bomani hakuwa sehemu ya mabadiliko hayo ya miaka ya sabini; tangu 1972 hadi 1983 alikuwa Balozi wa Tanzania huko Washington. Alifariki mwaka 2005.

Sasa, ndugu makatibu, habari hii inawahusu kwa namna gani? Kanuni ya chama cha msingi cha leo inampa katibu na karani wake nafasi ile ile waliyokuwa nayo makarani wa mwaka 1965. Mkulima hana mzani wa pili. Kwa hiyo mzani mmoja uliopo hauna budi kuwa wa watu wawili. Huo ni utaratibu wa kazi, na waweza kufanywa bila kusubiri fedha wala waraka.

Mzani uanze sifuri kila asubuhi mbele ya wakulima waliofika kwanza, na yeyote kati yao aruhusiwe kuweka juu yake jiwe la mzani lenye uzito unaojulikana. Mihuri ya Wakala wa Vipimo ni ya lazima, lakini muhuri ulipigwa siku moja, na mzani hutumika siku mia. Namba isomwe kwa sauti kabla ya kuandikwa. Upande unaoonyesha tarakimu uelekezwe kwa mkulima. Katika maghala mengi hili linahitaji tu meza isogezwe, na ni ajabu jinsi ambavyo meza haisogezwi. Stakabadhi iandikwe papo hapo, si jioni, wala si kwa penseli. Mwanachama asiyejua kusoma aje na mtoto wake anayesoma, na karani asimkaripie mtoto huyo akiuliza. Makato yabandikwe ukutani kwa herufi kubwa, kila moja na jina la anayelipokea na shilingi kwa kilo.

Ni haki kutaja upande wa pili pia. Mwanachama naye ana mikono. Kuna pamba inayoletwa ikiwa imenyunyiziwa maji alfajiri, na kuna gunia linalobeba mchanga katikati kama mayai katika kiota. Aliyefanya hivyo anamwibia mwenzake aliyesimama nyuma yake katika foleni, kwani hasara ya uzito huo haitalipwa na kiwanda. Italipwa na chama, na chama ni yule wa nyuma. Kamati isione haya kulikataa gunia la namna hiyo hata kama mwenyewe ni mjumbe. Hasa kama ni mjumbe.

Lipo jambo moja ambalo wakaguzi hulitazama kabla ya yote wanapofungua vitabu vya ghala, na wanachama wengi hawalijui. Pamba ikikaa ghalani hukauka, nayo hupungua uzito kidogo. Upungufu mdogo mwishoni mwa msimu ni wa kawaida, na katibu mwenye upungufu huo asiogope kuuandika. Upungufu mkubwa huulizwa na kila mtu. Lakini ziada? Ziada mara nyingi hupigiwa makofi. Chama kilichonunua kilo kadhaa na kupeleka kiwandani kilo nyingi kuliko hizo huambiwa kina katibu hodari. Na tujiulize kilo hizo zimetoka wapi. Pamba haizai ghalani. Ikiwa iliyotoka ni nyingi kuliko iliyoandikwa kuingia, basi kuna wakulima ambao mzigo wao uliingia wote na stakabadhi yao ikaandika pungufu.

Katika chama kimoja, ambacho si lazima kutajwa, ziada ya namna hiyo ilisomwa katika mkutano mkuu wa mwaka chini ya kichwa cha mafanikio. Watu walikuwa wanakaribia kupiga makofi. Mama mmoja aliyekaa nyuma, mwenye ekari mbili, aliomba nafasi na kuuliza kama kilo hizo zina wenyewe. Mwenyekiti alimjibu kwamba ni mali ya chama. Akasema, "Ndiyo, mwenyekiti, lakini kabla ya kuwa za chama zilikuwa za nani?" Mkutano haukuendelea na agenda. Vitabu vya stakabadhi vililetwa, nakala zikawekwa juu ya meza, na vijana wawili waliomaliza kidato cha nne wakaanza kujumlisha ukurasa kwa ukurasa huku watu wakingoja nje chini ya miembe. Ilikuwa karibu na magharibi walipogundua kwamba katika siku kumi na moja za mwezi mmoja, uzito wote, wa kila mkulima bila kubakiza, ulikuwa umeishia na sifuri.